Nyumbani kwa Meenakshi: maneno kwa wanaokwenda Madurai

Wazee wetu, mabibi na mabwana, na ninyi vijana ambao pasipoti zenu hazijakauka wino, karibuni.

Tunajua wengi wenu hamwendi India kwa ajili ya mahekalu. Kuna wanaokwenda kusoma, kuna wanaosindikiza wagonjwa, na Madurai ndiko iliko hospitali ya macho ya Aravind, iliyoanzishwa mwaka 1976. Msindikizaji akishamaliza kuhangaikia karatasi hujikuta na alasiri nzima mikononi, na mji wote unamwelekeza mahali pamoja. Mitaa ya Madurai ya kale imepangwa kama pete ndani ya pete, na karibu pete zote zimepewa majina ya miezi ya Kitamil: nje kabisa ni Veli, kisha Masi, kisha Avani Moola, kisha Chithirai, na ya mwisho, Adi, imo ndani ya kuta. Katikati ya pete hizo ndipo lilipo hekalu la Meenakshi Amman.

Kabla hatujaenda mbali, tuweke sawa neno moja ambalo midomo yetu hulichanganya. Mhindi ni mtu wa India, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, hata akiwa mzaliwa wa Mombasa au Moshi. Tena mahekalu mliyozoea kuyaona katika miji yetu, mengi yalijengwa na watu waliotoka Gujarati, magharibi mwa India. Madurai iko kusini kabisa, katika jimbo la Tamil Nadu. Lugha ni Kitamil, na Kihindi ulichookota kwenye filamu hakitakufikisha mbali. Jifunze "vanakkam", ndiyo salamu, nayo itakufungulia nyuso nyingi.

Mengi yanayowaharibikia wageni pale yana chanzo kimoja: wanaliendea hekalu kama makumbusho. Wanaoabudu wanakwenda nyumbani kwa mtu. Mwenye nyumba ni malkia, ana saa ya kuamka na saa ya kujipumzisha, ana chumba cha kulala, ana mume, na kwa mume huyo ana kipaumbele. "Amman" maana yake ni Mama, na "Meenakshi" ni mwenye macho ya samaki. Samaki ndiye aliyekuwa alama ya wafalme wa Pandya waliotawala Madurai, na wapo wanaoongeza kwamba samaki hafumbi jicho, basi na Mama halali akawasahau watu wake. Kisa chake wanakijua watoto wote wa mji. Mfalme Malayadhwaja na mkewe Kanchanamalai hawakuwa na mtoto. Wakatoa sadaka ya moto, na ndani ya moto akatokea binti wa miaka mitatu mwenye matiti matatu. Waliambiwa titi la tatu litatoweka siku atakapomwona mume wake. Binti akatawazwa, akaongoza majeshi, akashinda kila upande mpaka akafika mlima wa Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, na pale akamwona Shiva mwenyewe. Titi likatoweka. Shiva ndiye aliyefunga safari ya kuja Madurai kuolea, na kwa jina la hapo anaitwa Sundareswarar, Bwana Mzuri.

Kwa hiyo utaratibu wa kutembelea ni huu: kwanza Mama, kisha mume. Ndiyo maana wanaojua hawaingii kwa mnara mkubwa wa mashariki unaoelekea moja kwa moja kwa Sundareswarar. Huingia kwa mlango ulio kando yake, kupitia ukumbi wa Ashta Shakti, wenye sanamu za nguvu nane za mungu wa kike, ukumbi ambao unakuongoza kwake yeye. Hekalu lina minara 14. Mrefu kuliko yote ni wa kusini, wa mwaka 1559, wenye kimo cha futi 170, yaani kama mita 52, nao umejaa sanamu za rangi kutoka chini hadi juu hivi kwamba shingo inachoka kabla ya macho. Hekalu la kale zaidi lilivamiwa na jeshi la Malik Kafur, jemadari wa sultani wa Delhi, mwaka 1311, na sehemu kubwa ya tunachokiona leo ni kazi ya Wanayak, watawala wa Madurai wa karne ya 16 na ya 17. Rangi za minara hupakwa upya kila baada ya miaka mingi, na sherehe kubwa ya kuliweka hekalu wakfu upya ilifanyika mwaka 2009.

Sasa saa, kwa sababu hapa ndipo wengi hukwama. Hekalu hufunguliwa kama saa 11 alfajiri, na saa 6 na nusu mchana hufungwa. Mama anapumzika. Hufunguliwa tena saa 10 alasiri mpaka karibu saa 4 usiku. India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu, na ile nusu ndiyo inayowaponza watu: umetoka hospitali, umebadilisha saa ya mkononi kwa saa mbili tu, unafika umechelewa na mlango umeshafungwa. Ukifika kwenye mlango uliofungwa, utakutana na kijana mchangamfu atakayekwambia kwamba juu ya paa la duka lake unaweza kuona minara yote bure. Ni kweli minara inaonekana, na kupanda ni bure. Kushuka kunapitia ghorofa tatu za mazulia na shali. Kama una muda na moyo wa kusema hapana, panda, mandhari ni nzuri kweli.

Wakati bora ni asubuhi mapema, kabla ya saa 2. Kuna ubaridi, mistari ni mifupi, na maua ni mabichi. Ijumaa ni siku ya Mama, watu huwa wengi mno, basi kama hutafuti msongamano chagua siku nyingine. Mwezi wa Aprili na Mei jua la Madurai hupanda hadi karibu nyuzi 40, na sakafu ya mawe iliyo wazi kwa jua huwa kama kikaango. Watunzaji hutandika mikeka ya makumbi na kuimwagia maji. Pita juu ya mikeka hiyo hata kama inakuzungusha. Soksi hazikusaidii kitu kwa moto ule, na zikilowa zinateleza.

Kufika ni rahisi. Stesheni ya reli iko magharibi, kama kilomita moja, unatembea robo saa. Bajaji haziingii mitaa ya Chithirai inayolizunguka hekalu; zitakushusha pembeni, nawe umalizie kwa miguu.

Sikilizeni sana kuhusu milango. Milango mikuu ni minne, kila upande mmoja, na kwa mgeni yote inafanana. Viatu unaviacha nje kwenye kibanda cha viatu, unapewa kipande chenye namba. Halafu unaingia, unazunguka, unazungushwa, unapoteza dira, unatokea mlango wa kusini na viatu viko mashariki. Kutoka hapo utatembea peku juu ya lami ya mchana. Ukiingia tu, geuka utazame mlango ulioingilia, ukariri jina lake la upande, na ukiwa na wenzako mseme kwa sauti. Sababu ya kusisitiza ni hii: ndani hamna simu. Mwezi Februari 2018 moto uliteketeza sehemu ya ukumbi wa Veera Vasantharaya, ambako kulikuwa na maduka, na baada ya hapo mahakama ikaamuru simu zisiingie. Zinakusanywa nje kwa malipo madogo, pamoja na kamera na vifaa vingine vya umeme, na ukaguzi ni wa kupapaswa, wanaume mstari wao na wanawake wao. Familia ya watu wanne ikiweka simu zote chini ya kipande kimoja, halafu mwenye kipande akapotea ndani, jioni imeharibika. Kila mtu na kipande chake. Kubalianeni mahali pa kukutana: ngazi za bwawa zinafaa, hakuna asiyeziona. Na mfukoni weka karatasi yenye jina la hoteli, kwa maana ulilozoea kuliuliza ramani, leo utaliuliza mtu.

Mavazi. Wanaume suruali ndefu na shati, au veshti, ile shuka nyeupe ya kiunoni. Anayejua kufunga msuli au kikoi hana jipya la kujifunza, na inauzwa nje ya hekalu. Kofia inavuliwa. Wanawake sari, au gauni refu lenye mikono na mtandio. Kaptura, fulana zisizo mikono na sketi fupi zinarudishwa mlangoni, na mlinzi habishani.

Tumefika kwenye jambo zito. Mtu asiye Mhindu haingii katika chumba cha Mama. Mpaka ni mlingoti wa bendera, wenyewe wanauita kodimaram. Mahakama Kuu ya Madras, tawi la Madurai, katika uamuzi wa Januari 2024 uliohusu hekalu la Palani, ilisisitiza mpaka huo kwa mahekalu ya jimbo zima, na kusema anayetaka kuvuka aandike tamko kwamba ana imani na mungu wa hekalu na atafuata desturi zake. Kwa Mwislamu au Mkristo, tamko hilo ni zito kuliko udadisi wa dakika tano. Lipime kabla ya kuchukua kalamu. Kusema uongo mlangoni ni vibaya zaidi, na anayekunong'oneza kwamba atakupitisha kwa rupia mia tano anakuuzia fedheha. Wahindu wa kwetu wenye asili ya Gujarati huingia kama Wahindu wengine.

Ila msidhani mlango huu umekuwa wazi siku zote hata kwa Wahindu wenyewe. Watu wa tabaka la chini kabisa, Wadalit, pamoja na Wanadar, tabaka jingine lililodharauliwa, walikuwa wamezuiliwa. Tarehe 8 Julai 1939, A. Vaidyanatha Iyer, mpigania uhuru wa Madurai, aliwaongoza kundi dogo lao kuingia. Wapinzani walidai kuwa Mama amekasirika na kuhama nyumba yake, wakamtengenezea makao mengine mjini. Inaelekea hakuhama, kwa kuwa foleni bado iko palepale.

Kwa watakaoingia ndani: kuna mstari wa bure na kuna tiketi, rupia 50 kwa kumwona mmoja wao na rupia 100 kwa wote wawili, bei ambazo hubadilika, basi soma bango la siku hiyo. Siku ya kawaida tiketi si lazima. Sadaka huuzwa nje katika kikapu, na mtu wa pwani atashangaa jinsi anavyovijua vilivyomo: nazi, ndizi mbili, majani ya tambuu, popoo, asumini zilizotungwa kwenye uzi, na kafuri. Asumini ya Madurai inasifika India nzima, na wanawake huivaa kichwani kama wa Lamu wanavyovaa kikuba. Kafuri ndiyo inayowashtua watu wetu, kwa sababu sisi tunaifahamu kwa kuoshea maiti. Kule ni moto wa ibada. Inawaka bila kuacha jivu, na kwa hilo huifananisha na nafsi inayoteketea ikabaki si kitu.

Maua usiyanuse kabla ya kuyatoa. Ukiyanusa umeshayatumia, na mtu hapewi makombo. Kikapu usikiweke sakafuni. Kama unataka kuombewa kwa jina, kuhani atakuuliza jina, nyota ya kuzaliwa na ukoo. Asiyejua nyota yake aseme tu jina, hakuna atakayemfukuza. Sanamu ya Mama ni ya jiwe la kijani, ana kasuku mkononi, na utamwona kwa sekunde chache tu kwenye mwanga wa taa za samli, kwa kuwa nyuma yako mstari unasukuma. Usifumbe macho kuomba. Hili wageni wengi hulikosea: umekuja kumwona naye akuone, darshani ndiyo hiyo, na ukifumba macho sekunde zako zimekwisha. Sahani ya kafuri ikipitishwa, pitisha viganja juu ya mwali kwa mbali, uvirudishe machoni. Mwenye ushungi wa nailoni aushike kwanza.

Kila kitu pokea kwa mkono wa kulia. Kwetu si jambo la kufundishwa. Kwa Mama utapewa kungumamu, unga mwekundu, upake katikati ya paji la uso kwa kidole cha pete. Kwa Sundareswarar utapewa jivu jeupe. Unachopewa ni kingi kuliko unachohitaji, na kile kinachobaki ndicho kimezifanya nguzo za hekalu kuwa na madoa, maana kila mtu anajifutia kwenye jiwe lililo karibu. Chukua kipande cha karatasi, ukifungie humo, uende nacho. Shati jeupe likiguswa na kungumamu na jasho, lisahau.

Kuzunguka ni kwa upande wa kulia, yaani kile unachokizunguka kiwe mkono wako wa kulia, na kuinama mpaka chini hufanywa karibu na mlingoti wa bendera tu. Kuna wageni wanaosujudu kila wanapoona sanamu; wanakanyagwa.

Asiyevuka mlingoti hajanyimwa hekalu. Liko bwawa la Lotasi ya Dhahabu, lenye ngazi pande zote, na inasimuliwa kwamba humo hamna samaki kwa sababu nyange mmoja mchaji aliomba asijaribiwe na tamaa. Inasimuliwa pia kwamba washairi wa kale walipeleka kazi zao hapo, na shairi lisilofaa lilizama. Uko ukumbi wa nguzo elfu moja, uliojengwa na Ariyanatha Mudaliar, waziri wa Wanayak, mwaka 1569. Ukizihesabu ni 985. Zilizobaki zilipisha nafasi ya vyumba vya ibada, na jina halikuona haja ya kupunguzwa. Siku hizi sehemu hiyo ni jumba la sanaa, unalipa kidogo kuingia; humo yumo Shiva anayecheza ngoma, Nataraja. Ila yule wa kufurahisha hayumo humo, yumo upande wa Sundareswarar katika ukumbi wa fedha: kila mahali Nataraja huinua mguu wa kushoto, na Madurai ameinua wa kulia, kwa sababu mfalme mmoja aliyejifunza ngoma akaumwa miguu alimwonea huruma, akamwomba abadilishe. Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, yule mkubwa aitwaye Mukkuruni, yuko njiani kati ya Mama na mume wake. Katika sikukuu yake hupikiwa andazi moja la unga wa mchele wa vipimo vitatu vya kuruni, na jina lake linatokana na vipimo hivyo.

Sherehe kubwa ni ya Chithirai, Aprili hadi Mei. Siku ya nane Mama hutawazwa kuwa malkia wa mji, siku ya kumi huolewa, siku ya kumi na moja wote wawili hukokotwa kwa magari makubwa ya mbao kupitia mitaa ya Masi. Kwa kuhesabu kwao, baada ya kutawazwa Mama anatawala miezi minne, kisha mumewe anachukua minane. Ni sherehe ya mamia ya maelfu ya watu. Mwaka 2022, alfajiri ambayo sanamu ya mungu Kallazhagar huingizwa mto Vaigai, unaopita mjini, watu wawili walikufa katika msukumano. Ukienda na mgonjwa au mtoto, kaa mbali na mto, mtazame kwenye televisheni ya hoteli.

Tukiulizwa mtu mwenye jioni moja tu aende lini, jibu letu ni usiku, aingie saa 2 na nusu. Kama saa 3, ibada ya mwisho ikiisha, Sundareswarar, akiwakilishwa na nyayo zake, anapakiwa kwenye machela ya fedha na kupelekwa chumbani kwa mkewe. Yeye ndiye anayemwendea. Mbele yake hupigwa ngoma na nadaswaram, ambayo ukifumba macho utaapa ni zumari ya harusi ya Mvita imetiwa pumzi ya tembo. Moshi wa ubani hujaa ukumbini, mapepeo yanapepea, watu wanasogea kugusa machela. Sehemu ya msafara hupita kwenye kumbi za nje, na hata asiye Mhindu huiona. Simama kando ya ukuta, usimkatie njia mbeba machela, usiifuate ng'ambo ya mlingoti.

Machela ikishaingia, mlango wa chumba unafungwa mpaka alfajiri, na walinzi wanaanza kuwaswaga watu kuelekea nje kwa makofi. Hapo taa huzimwa upande baada ya upande, kwa hiyo elekea kwenye mlango wako wakati bado unauona. Vibanda vya viatu navyo hufungwa.